Ukuta Unaosema: Sanaa ya Pamoja na Afya ya Akili ya Vijana Nchini Saudi Arabia

Makala ya leo inaelekea nchini Saudi Arabia, katika miji ya Riyadh na Jeddah, na inatupia jicho suala ambalo kwa miaka mingi limekuwa likizungumzwa kwa sauti ya chini majumbani. Suala hilo ni afya ya akili ya vijana walio katika rika la kubalehe, na namna ambavyo kazi za sanaa zinazofanywa kwa pamoja zinavyoweza kumsaidia kijana kuyatoa yale ambayo ulimi wake unashindwa kuyatamka.

Waswahili husema, mficha maradhi kifo humuumbua. Homa haifichiki kwa siku nyingi, kwa kuwa mwili wenyewe hutoa habari. Lakini huzuni ya msichana wa miaka 15, au wasiwasi wa mvulana wa miaka 16, huweza kufichika nyuma ya mlango wa chumba, nyuma ya alama nzuri za mtihani, na hata nyuma ya kicheko. Mzazi huona mtoto amenyamaza akadhani ni adabu. Mwalimu huona mwanafunzi hasumbui darasani akadhani ni utulivu. Na mara nyingi wakubwa hutanabahi pale ambapo mambo yamekwisha kuharibika.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, kijana mmoja kati ya kila saba wenye umri wa miaka 10 hadi 19 duniani anaishi na tatizo la afya ya akili. Shirika hilo limekuwa likieleza pia kwamba nusu ya matatizo ya akili yanayowapata watu wazima huanza kabla ya kutimia miaka 14, na kwamba mengi kati ya hayo hayatambuliwi wala kutibiwa. Kwa maneno mengine, ugonjwa ambao mtu anaonekana nao akiwa na miaka 30 huenda mizizi yake ilianza kuota akiwa bado anavaa sare ya shule.

Nchini Saudi Arabia kwenyewe, hali hiyo ilipimwa kwa mara ya kwanza kwa upana mkubwa katika Utafiti wa Kitaifa wa Afya ya Akili, uliofanywa baina ya mwaka 2013 na 2016. Utafiti huo, ulioongozwa na wataalamu walioko Riyadh kwa kushirikiana na mpango wa kimataifa wa Shirika la Afya Duniani, uliwahoji watu 4,004 wenye umri wa miaka 15 hadi 65. Matokeo yake yaliwashitua wengi. Asilimia 34.2 ya waliohojiwa walikuwa wamewahi kupatwa na tatizo la akili katika maisha yao. Miongoni mwa vijana, kiwango kilikuwa kikubwa zaidi, karibu wawili katika kila watano. Na miongoni mwa wale waliokuwa na tatizo katika mwaka uliotangulia mahojiano, waliopata matibabu ya aina yoyote walikuwa chini ya mmoja kati ya watano.

Swali linalojitokeza hapa ni hili: kwa nini watu wengi kiasi hicho hawakwenda kutafuta msaada, katika nchi ambayo haina uhaba wa hospitali?

Wapenzi wasikilizaji, jibu moja ni neno ambalo Waswahili na Waarabu wanalitumia kwa pamoja, nalo ni aibu. Katika jamii ambayo jina la ukoo lina uzito mkubwa, familia huchelea kwamba mtoto akijulikana kuwa amepelekwa kwa daktari wa magonjwa ya akili, habari hiyo itamfuata mpaka siku ya kuposwa au kuposa. Wako pia wanaoamini kwamba majonzi yasiyokwisha ni dalili ya upungufu wa imani, au ni kijicho na uchawi, na kwamba tiba yake ni kisomo peke yake. Mambo haya si mageni kwa msikilizaji wa Mombasa, Unguja, Bujumbura au Muscat. Hadithi ni ile ile, majina tu ndiyo yanayobadilika.

Hata hivyo, historia ya Kiislamu inatoa funzo jingine. Mwanazuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyeishi baina ya karne ya 9 na ya 10, aliandika kitabu juu ya masilahi ya miili na nafsi. Ndani yake alieleza kwamba nafsi huugua kama mwili unavyougua, na akazungumzia hasira, hofu, huzuni na wasiwasi kama hali zinazohitaji kuangaliwa na kutibiwa. Kwa hiyo, anayesema kwamba afya ya akili ni jambo lililoletwa majuzi kutoka Ulaya, anakuwa amesahau maktaba ya wahenga wake mwenyewe. Dua na tabibu havikuwa na ugomvi kwa Balkhi, na hakuna sababu ya kuvigombanisha leo.

Basi ikiwa kijana ana jambo moyoni, na nyumbani hakuna mlango wa kulisemea, sanaa inaingiaje?

Jina la matibabu kwa njia ya sanaa lilianza kutumika nchini Uingereza mwaka 1942, nalo linahusishwa na mchoraji Adrian Hill. Alipokuwa amelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu, Hill aliona kwamba kuchora kulimpunguzia uzito wa siku ndefu za kitandani. Akaanza kuwahimiza wagonjwa wenzake, wakiwemo askari waliorejea kutoka vitani, wachore na wao. Mwaka 1945 alichapisha kitabu kuhusu uzoefu huo. Tangu hapo fani hiyo imekua na kuwa taaluma yenye vyuo na wataalamu wake. Mwezi Novemba mwaka 2019, ofisi ya Shirika la Afya Duniani kanda ya Ulaya ilitoa ripoti iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000, na kuhitimisha kwamba sanaa zina mchango katika kuzuia maradhi, kukuza afya na kusaidia matibabu.

Lakini kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya havikuligundua kwanza. Katika mkoa wa Asir, kusini magharibi mwa Saudi Arabia, kumekuwepo kwa vizazi vingi sanaa iitwayo al-Qatt al-Asiri. Hii ni sanaa ya wanawake ya kupamba kuta za ndani za nyumba, hasa chumba cha kupokelea wageni. Ukuta hupakwa jasi nyeupe, kisha huchorwa mistari, pembe tatu, miraba na alama nyinginezo kwa rangi kali zinazovutia macho. Mwenye nyumba hafanyi kazi hiyo peke yake. Huwaalika jamaa zake wa kike wa umri mbalimbali, bibi, shangazi, mabinti na wajukuu, wakakaa pamoja wakichora. Msichana mdogo hujifunza kwa kutazama mkono wa mkubwa wake, na wakati mkono unafanya kazi, midomo nayo huzungumza.

Mwaka 2017, Shirika la Elimu, Sayansi na Utamaduni la Umoja wa Mataifa, UNESCO, liliiingiza sanaa hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa wanadamu. Katika maelezo yake, shirika hilo lilitaja kwamba sanaa hiyo huimarisha mshikamano baina ya wanawake, na kwamba ina athari ya kuponya kwa wale wanaoifanya. Msikilizaji wa pwani ya Afrika Mashariki hatashangazwa na maneno hayo. Anawajua wanawake wanaokaa barazani wakisuka ukili, kila mmoja na kipande chake, mkeka ukirefuka huku siri za nyumba zikitolewa polepole bila mtu kumtazama mwenziwe usoni. Anaujua pia usiku wa kumpaka bibi harusi hina, ambapo mwali huambiwa mambo ambayo mchana hayasemeki.

Hapo ndipo ilipo siri ya sanaa ya pamoja. Macho yanapokuwa kwenye kazi, ulimi hupata nafasi. Kijana anayeketishwa kwenye kiti mbele ya mtu mzima akaulizwa, una nini wewe, mara nyingi atajibu, sina kitu. Kijana huyo huyo, akiwa amepiga magoti mbele ya karatasi kubwa pamoja na wenzake sita, anachanganya rangi, huweza kusema sentensi moja ambayo mama yake ameingojea kwa mwaka mzima.

Wapenzi wasikilizaji, katika mji wa Jeddah sanaa ya wanawake na shule za wasichana zimefungamana tangu zamani. Mwaka 1968, wachoraji wawili wa kike, Safeya Binzagr na Mounirah Mosly, walionyesha kazi zao katika shule moja ya wasichana mjini humo, na maonyesho hayo yanahesabiwa kuwa ya mwanzo ya wanawake katika nchi hiyo. Binzagr, aliyezaliwa mwaka 1940 katika mji mkongwe wa Jeddah na kufariki dunia mwaka 2024, alijenga baadaye jumba la makumbusho ambamo pia aliendesha mafunzo ya sanaa kwa wanawake na watoto. Huko Riyadh, Taasisi ya Elimu ya Sanaa iliyoanzishwa mwaka 1965 ilitoa kizazi cha kwanza cha walimu wa kuchora walioenea katika shule za nchi hiyo. Kwa hiyo kipindi cha kuchora kilikuwapo shuleni hata pale ambapo majumba ya maonyesho yalikuwa machache sana.

Katika miaka ya karibuni mambo yamebadilika kwa kasi. Wizara ya Utamaduni iliundwa mwaka 2018. Mwaka 2019 ulizinduliwa mpango mkubwa wa kupamba mji wa Riyadh kwa kazi za sanaa. Mwezi Desemba mwaka 2021 kilifunguliwa mjini Jeddah kituo cha sanaa cha Hayy Jameel, na mwezi huo huo yakaanza maonyesho makubwa ya sanaa ya kisasa huko Diriyah, pembezoni mwa Riyadh. Vijana wamepata mahali pa kwenda na vitu vya kutazama. Lakini kutazama ni jambo moja na kushiriki ni jambo jingine.

Mfano ulio karibu zaidi na mada ya leo ni kazi za msanii Manal AlDowayan, mzaliwa wa Dhahran mwaka 1973. Mwaka 2012 alitengeneza kazi aliyoiita Esmi, yaani Jina Langu. Katika jamii nyingi za Bara Arabu imekuwa ni desturi kwa mwanamume kutolitamka hadharani jina la mama yake au mkewe. AlDowayan aliwaita wanawake katika warsha, akawapa shanga kubwa za mbao mfano wa zile za tasbihi, na kila mmoja akaandika jina lake mwenyewe juu ya ushanga. Shanga hizo zilitungwa katika kamba zilizosokotwa na wanawake wa kibedui, zikaning'inizwa ukumbini. Mwanamke aliyeandika jina lake peke yake huenda angeogopa. Aliyeliandika katikati ya majina ya wenziwe aliona kuwa hakuna jipya alilolifanya isipokuwa kuitwa kama alivyoitwa na wazazi wake.

Miaka 12 baadaye, AlDowayan alichaguliwa kuiwakilisha nchi yake katika Maonyesho ya 60 ya Sanaa ya Venice, nchini Italia, yaliyofanyika baina ya mwezi Aprili na Novemba mwaka 2024. Kabla ya maonyesho hayo, aliendesha warsha katika miji mitatu, Al Khobar, Jeddah na Riyadh, zilizohudhuriwa na wanawake na wasichana wapatao 1,000. Washiriki walisomewa yale ambayo magazeti ya dunia yamekuwa yakiandika juu ya mwanamke wa Saudia. Kisha waliulizwa: na wewe mwenyewe unasema nini? Wakajibu kwa maandishi na kwa michoro. Halafu walisimama pamoja na kuimba kwa kuifuata sauti ya mchanga wa jangwani, kwani matuta ya mchanga wa nchi hiyo hutoa mngurumo upepo unapoyapitia. Maandishi na michoro yao ilichapishwa juu ya sanamu kubwa laini zenye umbo la waridi la jangwani, na sauti zao zikasikika ndani ya ukumbi huko Venice.

Ni vyema ieleweke kwamba warsha hizo hazikuwa zahanati, na wala hazikuitwa matibabu. Msanii alikuwa akitafuta sauti za wanawake, hakuwa akitafuta wagonjwa. Lakini kwa anayejali afya ya akili ya vijana, zina mafunzo matatu. La kwanza, kila mshiriki aliulizwa anajionaje yeye, na hakuambiwa na watu wengine jinsi alivyo. La pili, jibu lake liliingia katika kazi kubwa iliyobeba majibu ya wengi, kwa hiyo lilisikika bila ya yeye kunyooshewa kidole. La tatu, kazi ile ilichukuliwa kuwa ya thamani, ikapewa ukumbi na ikatazamwa kwa heshima. Kijana anayeamini kwamba hakuna anayemsikia anahitaji mambo yote hayo matatu.

Na wavulana je? Mvulana wa Riyadh, kama mvulana wa Kisumu au Tanga, hulelewa akiambiwa kwamba mwanamume halii. Hupewa mpira, na mpira ni jambo jema, lakini uwanjani hakuna anayemuuliza amelalaje jana. Ahmed Mater, mmoja wa wasanii mashuhuri wa nchi hiyo, aliyezaliwa mwaka 1979, alikulia Abha na akasomea udaktari. Akiwa bado tabibu, alichukua picha za eksirei za miili ya watu na kuzizungushia nakshi mfano wa zile za misahafu ya kale. Mwaka 2003 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Edge of Arabia, harakati iliyowakutanisha wasanii wa Saudia na ulimwengu. Maisha yake yanamwonyesha kijana wa kiume kwamba anayeshika brashi anaweza kuwa ndiye yule yule anayeshika kipimo cha daktari, na kwamba kutazama ndani ya kifua cha mtu ni kazi ya kiume pia.

Wapenzi wasikilizaji, warsha ya sanaa ya pamoja inayolenga afya ya akili huendeshwa vipi? Wataalamu wa fani hii wana mwenendo ambao haubadiliki sana kutoka nchi moja hadi nyingine. Kundi huwa dogo, vijana wapatao sita hadi kumi na wawili, na hukutana mahali pamoja na saa ile ile kila wiki, kwani kijana mwenye wasiwasi hupata utulivu kwa kujua nini kinachomngojea. Siku ya kwanza hukubaliana masharti: hakuna kucheka kazi ya mwenziwe, hakuna kutoa alama, na yaliyosemwa humo hayatoki nje, isipokuwa pale ambapo maisha ya mtu yamo hatarini. Sharti hilo la mwisho huelezwa waziwazi tangu mwanzo, ili asije kijana akahisi amesalitiwa.

Kisha kazi huanza na jambo jepesi. Kila mmoja huchora mstari mmoja tu, wa hasira, wa uchovu au wa furaha, na karatasi hupewa jirani aendeleze. Katika wiki zinazofuata kundi hupewa karatasi ndefu au ukuta, na hujadiliana wachore nini. Majadiliano yenyewe ni sehemu ya tiba: nani ana nafasi, nani amesukumwa pembeni, nani anayefuta kazi ya mwenzake na nani anayeomba radhi. Mwongozaji hatafsiri michoro. Hasemi kwamba rangi nyeusi ni huzuni au kwamba mlango uliofungwa ni hofu. Huuliza tu, hebu nieleze kuhusu mahali hapa, kisha hunyamaza akasikiliza.

Na kwa familia zisizopenda kuchora viumbe vyenye roho, kwa sababu za dini, hakuna kizuizi chochote. Nakshi za pembe na duara, hati za Kiarabu, mandhari ya jangwa na bahari, na rangi tupu, zote zinatosha. Kuta za Asir zimelithibitisha hilo kwa vizazi. Kadhalika, katika miji ambayo familia nyingi hupendelea wasichana na wavulana wakutane mbalimbali, makundi hupangwa hivyo, na mara nyingi kila upande huzungumza kwa uhuru zaidi.

Lakini kwa nini kazi iwe ya pamoja, wakati kila mtu angeweza kuchora chumbani kwake? Daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Irvin Yalom, katika kitabu chake cha mwaka 1970 kuhusu matibabu ya makundi, alitaja miongoni mwa mambo yanayoponya ule wakati ambapo mtu anagundua kwamba hayuko peke yake. Kijana aliye na sonona huamini kwamba yeye ni mtu wa ajabu, na kwamba hakuna mwengine duniani anayeamka usiku wa manane kifua kimembana. Siku anapoona mwenzake amechora usiku ule ule upande wa pili wa ukuta, mzigo haukwishi, ila hupata mtu wa kushika ncha ya pili.

Wapenzi wasikilizaji, haifai kuipamba habari hii kupita kiasi. Rangi na brashi haziponyi kila kitu. Kijana aliyeacha kula, anayejikatakata, anayesikia sauti zisizosikiwa na wengine, au anayezungumzia kufa, anahitaji daktari, na anamhitaji leo. Kumwachia achore tu ni kumpotezea muda. Shirika la Afya Duniani linahesabu kujiua kuwa miongoni mwa sababu kuu za vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29 duniani. Mwongozaji mwema ni yule anayejua mpaka wa kazi yake, na mwenye njia iliyoandaliwa mapema ya kumfikisha kijana kwa mtaalamu. Nchini Saudi Arabia, sheria ya afya ya akili inalinda haki za mgonjwa, ikiwemo ya kutunziwa siri. Kuna pia Kituo cha Kitaifa cha Kukuza Afya ya Akili, chenye huduma ya ushauri kwa njia ya simu, ambayo mtu huweza kuitumia bila ya kuonekana na jirani akiingia hospitalini.

Hatari nyingine ni ile ya wakubwa kuuteka mchoro. Siku hizi kila kitu hupigwa picha na kusambazwa. Shule hutaka kuonyesha ukuta mzuri kwa wageni, wafadhili hutaka picha ya watoto wanaotabasamu wakiwa na rangi mikononi. Lakini mchoro wa kijana aliyeeleza huzuni yake si pambo la ripoti. Ukitangazwa bila idhini yake, atajifunza kwamba kusema ni hatari, na atarudi kwenye ukimya mzito kuliko ule wa mwanzo.

Ipo pia hoja ya nani anayeachwa nje. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba Saudi Arabia ilikuwa na watu milioni 32.2, na kwamba zaidi ya asilimia 41 walikuwa wageni kutoka nchi nyingine. Miongoni mwao wamo wazungumzaji wa Kiswahili, wafanyakazi, wafanyabiashara na familia zilizokaa Jeddah na Riyadh kwa miaka mingi. Mtoto wa familia kama hiyo huzungumza Kiarabu shuleni, Kiswahili na mama yake, na Kiingereza katika simu yake, na huenda asiwe na neno la huzuni yake katika lugha yoyote kati ya hizo tatu. Kwake yeye, karatasi nyeupe isiyouliza kibali cha kuishi wala lafudhi ni mlango ulio wazi zaidi kuliko milango mingine.

Huko Afrika Mashariki nako kuna dalili njema. Nchini Kenya, mpango wenye jina la Kiswahili, Shamiri, umewatumia vijana waliomaliza sekondari kuongoza makundi ya wanafunzi wenye dalili za sonona na wasiwasi. Mpango huo hautumii michoro. Hutegemea mazungumzo na mazoezi ya kuandika juu ya kukua, kushukuru na kujua unachokithamini. Majaribio yaliyowahusisha wanafunzi 413, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021, yalionyesha kwamba vikao vinne tu vilipunguza dalili hizo kuliko ilivyokuwa kwa kundi lililofundishwa mbinu za kusoma. Funzo lake linaafikiana na lile la kuta za Asir: kundi dogo, mahali salama, na kiongozi wa karibu kwa umri na kwa moyo, ni mambo ambayo hata shule isiyo na fedha inaweza kuyapata.

Kwa mzazi anayesikiliza makala hii, kuna jambo la kufanya bila kungoja warsha wala mtaalamu. Tandika karatasi kubwa sakafuni, weka kalamu za rangi, na ukae wewe mwenyewe uchore kwanza, hata kama hujui kuchora. Usiulize mtoto anachora nini mpaka akuambie. Usisahihishe. Na siku atakaposema neno zito, usikimbilie kumwombea wala kumkemea kabla hajamaliza. Dua itafuata, na daktari atafuata ikihitajika, lakini kusikiliza ndiko kunakotangulia.

Kule Asir, ukuta ulipokamilika, wageni waliingia chumbani wakaketi mbele yake. Kazi ya mabinti haikufichwa nyuma ya nyumba, iliwekwa mahali ambapo wakubwa hunywa kahawa. Hilo ndilo linalodaiwa leo Riyadh, Jeddah, na kila mji ambako kijana ameshika brashi. Amekwisha kusema. Kilichobaki ni wakubwa kuketi na kutazama.